Boksi la Kunyoosha Sauti

Jijini Barranquilla, Kolombia, mtu anaweza kumsamehe aliyemtorosha mkewe, lakini picó ya jirani ikiizidi yake kwa sauti, hapo hasamehe. Picó ni ule ukuta wa spika uliopakwa rangi kali na kupewa jina la kutisha kama bondia. Kwa hiyo Nafer Cudris, mtu wa suti moja na maneno elfu, alipomsikia Bi Osiris Pertuz akilalamika sokoni kwamba tangu ahamie kwenye kompyuta muziki wake umepoa, na Jumamosi picó yake inapambana na ya Eparquio mwenye baa, alimwonea huruma sana. Kesho yake akamfuata kwa pikipiki, na boksi jeusi zito.

"Ugonjwa ni muda, bi mkubwa," alisema kwa huzuni ya daktari. "Namba za muziki zinatakiwa zitoke kwa mpangilio. Zako hii inawahi, ile inachelewa. Sikio halisikii."

"Kama halisikii, mimi nimelalamikaje?"

"Roho ndiyo inasikia."

Akapiga wimbo bila boksi, kisha na boksi, huku kidole gumba kikipandisha sauti kidogo, kwa bahati mbaya bila shaka. Ndani ya boksi mlikuwa na saruji tupu.

"Uwii! Gitaa limenifika kifuani!" Bi Osiris alifumba macho. "Ila taslimu sina, mwanangu. Nina hii."

Akatoa santuri iliyokwanguliwa lebo. Nafer akameza mate. Wenye picó hukwangua lebo za santuri zao adimu ili wapinzani wasijue wimbo ni upi, na hapo bei hupaa. Bi Osiris akaiweka kwenye mashine yake, gitaa la Kikongo likamwagika mpaka mbwa akaamka.

"Hakuna nyingine Kolombia nzima. Inalizidi boksi lako mbali, kwa hiyo niongezee pikipiki."

"Pikipiki ndiyo miguu yangu, bi mkubwa!"

"Basi acha. Eparquio ananililia hiyo miaka sasa."

Nafer akatoa ufunguo haraka, asije mama wa watu akazinduka.

Alifika kwenye baa ya Eparquio kwa miguu kuiuza santuri, suti imelowa jasho. Eparquio akaiweka santuri kwenye mashine mbele ya wateja wote.

Piiiiii.

"Igeuze!" Nafer alipiga kelele.

Piiiiii.

"Osiris kanipigia simu," Eparquio alisema, akifuta machozi ya kicheko. "Ule wimbo ulitoka kwenye kompyuta, kaka. Santuri hii ikizunguka inaiongoza tu kompyuta yake ipige kwa kasi gani. Haina gitaa wala ngoma, ina mlio wa kupimia muda."

Nafer aliomba angalau nauli ya basi. Akarudishiwa santuri yake.