Wanafunzi Themanini na Kikombe Kimoja

Jumatatu, 4 Machi

Wanafunzi sabini na tisa. Nimewahesabu mara mbili, wakiwa mstarini na wakiwa madarasani. Sabini na tisa tu. Kanuni ya ofisi ya elimu ni fupi na haina huruma: shule ikifika themanini inapewa walimu wanne, ikishuka chini ya sabini inabaki na wawili. Sisi tuko watatu. Mwalimu Mkuu, mama wa watu, amebakiza siku chache astaafu. Desimali, anayefundisha hesabu na kujiona. Na mimi, mwalimu wa taaluma.

Wa nne alikuwa Mwalimu wa Sayansi. Muhula uliopita familia kadhaa za kiwanda cha barafu zilihama, idadi ikashuka, naye akapelekwa shule kubwa ng'ambo ya ghuba. Kikombe chake cha buluu kimebaki ofisini. Nakiosha kila asubuhi ingawa hakuna anayekinywea. Leo Desimali kaniuliza kama naosha vumbi au naosha mawazo. Nikakisuuza tena. Mchoro wake wa mmea nao bado uko kwenye ubao wa darasa la sita, mizizi hadi majani. Kando yake nimeandika USIFUTE. Mimi nafundisha historia kwenye nafasi iliyobaki. Vita virefu havienei.

Nimemkumbuka. Basi, nimeshaandika.

Mkaguzi anakuja Alhamisi. Ofisi imemwahidi Mkuu hivi: wanafunzi themanini, na wastani wa hamsini katika mtihani wa muhula, Mwalimu wa Sayansi anarudi. Nimebakiza mtoto mmoja. Mmoja!

Jumanne, 5 Machi

Baada ya vipindi nilikwenda kwenye mashamba ya chumvi. Wachota chumvi hawakai mahali pamoja, na watoto wao mara nyingi hawako kwenye daftari la shule yoyote. Nikampata mama mmoja, mgeni, ana watoto wawili. Nikamwambia shule yetu ina maktaba. (Ni kabati. Lakini lina mlango.) Akauliza kama tunachapa. Nikasema fimbo tunaisikia tu. Akauliza kama kuna mwalimu wa sayansi, maana yule mkubwa akipewa samaki hampiki, anampasua atazame ndani. Machozi yalinilengalenga. Nikasema yuko njiani.

Themanini na mmoja. Desimali kasema watu wa chumvi huondoka mvua zikianza. Nikamwambia mvua ni Aprili, mkaguzi ni keshokutwa.

Sasa wastani. Muhula uliopita tulipata arobaini na saba. Nimekaa na daftari la alama mpaka mlinzi akaja kufunga ofisi. Wako kumi na wawili wanaotuvuta chini. Nimeandika majina yao kwenye karatasi, nikaikunja mara nne. Mtihani ni kesho. Wazo limenijia, tena zuri.

Jumatano, 6 Machi

Mkuu alikuwa ofisini kwa wakubwa siku nzima. Bahati hiyo. Saa mbili kamili wenzao wanafungua karatasi za mtihani, wale kumi na wawili nikawatuma ufukweni na mlinzi wakaokote makombe kwa ajili ya kona ya viumbe wa baharini. Hatuna kona hiyo. Tutakuwa nayo. Desimali aliwaona wakitoka getini, akasema mipango si matumizi, akaendelea kuchonga penseli yake.

Binti wa mpakiaji wa barafu, wa darasa la sita, alirudi peke yake kuniuliza kama makombe ndiyo mtihani wao. Nikasema ni aina ya mtihani. Akauliza kufaulu ni mangapi. Nikasema thelathini. Akaleta thelathini na manne, ameyaosha. Nikayapanga dirishani, kisha nikageukia upande mwingine.

Nimesahihisha. Hamsini na nane! Shule hii haijapata kuiona namba hiyo. Nimeosha kikombe mara mbili, nikakikausha kwa leso yangu. Nikajaribu pia namna ya kusema karibu tena bila sauti kutetemeka. Ilitetemeka.

Alhamisi, 7 Machi

Siku mbaya.

Mkaguzi ni mtu mfupi mwenye mkoba mkubwa. Nikampa wastani, akatabasamu. Nikampa daftari la mahudhurio, themanini na mmoja, akalisukuma pembeni bila kulifungua. Akasema siku hizi hawahesabu madaftari, maana daftari huvumilia mengi. Wanahesabu karatasi za mtihani. Akaketi kwenye kiti cha Mwalimu wa Sayansi, akalowesha kidole, akahesabu. Sitini na tisa. Nikamwomba arudie. Akarudia. Sitini na tisa.

Nikasema wale kumi na wawili walikuwa wagonjwa. Akatazama nje ya dirisha. Wagonjwa walikuwa wanacheza mpira.

Kaandika kwenye fomu: chini ya sabini, walimu wawili. Mkuu akasema asiyekuwepo na lake halipo. Aliyasema hayo akinitazama mimi, si watoto. Wa kupunguzwa ni mwalimu wa taaluma.

Ijumaa, 8 Machi

Mkuu kawakalisha wale kumi na wawili, kawapa mtihani, kasahihisha mwenyewe. Kisha kaniita nijumlishe alama za shule nzima. Hamsini na nne.

Nikajumlisha tena, nikijiombea kosa. Hamsini na nne. Yaani ningewaacha tu waketi kwenye madawati yao. Themanini na mmoja, hamsini na nne, na leo hii angekuwa anafunga virago arudi. Fomu imeshaondoka na ule mkoba. Maji yakimwagika hayazoleki.

Binti wa mpakiaji amepata alama zote kwenye swali la mmea. Ameketi mbele ya ule mchoro muhula mzima. Nilikwenda kumwomba radhi, nikaishia kumwambia makombe yake ni mazuri. Akauliza kama yale manne ya ziada yatahesabiwa muhula ujao. Niliona haya, nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji mpaka kengele ikagonga.

Jumatatu, 11 Machi

Barua ya uhamisho. Nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Ng'ambo ya ghuba! Shule ile ile! Mungu si Athumani.

Nimekifunga kikombe kwa gazeti, kurasa tatu. Desimali amenipa mkono, macho yake mekundu, kasema ni chaki. Mkuu alitaka kuniambia jambo mara mbili. Nilimwambia, mama, tutaongea nikishatulia, sasa hivi moyo wangu haupokei kitu.

Jumanne, 12 Machi

Kivuko cha kwanza. Shati jeupe. Kikombe mapajani.

Nikamwuliza karani wa shule Mwalimu wa Sayansi anakaa ofisi ipi. Karani kasema ameondoka jana jioni. Anakwenda kupokea ukuu wa ile shule ndogo, maana mama wa kule anastaafu. Aliomba mwenyewe, tangu Januari. Alisema kule kuna ubao ameuacha kazi haijaisha.

Kumbe lile ndilo jambo la Mkuu.

Hapa wamenipa meza karibu na dirisha. Shule yangu ya zamani naiona paa tu, ng'ambo ya maji. Saa nne wanagonga kengele ya mapumziko. Upepo ukiwa mzuri, inasikika. Leo ulikuwa mzuri. Sasa hivi ameshakiona kiti chake, anauliza kikombe chake kiko wapi, na Desimali anamwambia.

Jumatano, 13 Machi

Nimelala nikiwaza, nimeamka na hesabu.

Kule wako themanini na mmoja. Mvua zikianza, wale wawili wa chumvi wataondoka: sabini na tisa. Mkaguzi atarudi muhula ujao. Anakosekana mtoto mmoja tu, shule ipewe walimu wanne. Na hapa, darasa la sita, wako wanne wanaokaa jirani kabisa na kivuko. Nimeshaongea na baba wa wawili. Nimewaambia ile shule ina maktaba.

Alama zao si nzuri, sikatai. Wastani unaweza kuyumba. Lakini kule ufukwe ni mpana, na makombe hayaishi.