Gotgam Ndani ya Kasha

Jumatatu, 4 Desemba

Kasha limekamilika. Ndani yake kuna kompyuta ya kuongozea kombora tunalouza nje, na kazi yangu ni kuhakikisha hakuna atakayelifumua akaiga. Kata waya mmoja tu, kumbukumbu zote zinaungua. Kazi safi, ingawa najisifu mwenyewe. Nani mwingine atanisifu? Mama anadhani natengeneza majokofu.

Bi Tak Yeon-ju amefika kutoka Daejeon. Yeye kazi yake ni kuyafungua makasha yangu kabla adui hajajaribu. Yale mawili ya mwanzo aliyafungua yote, kisha akaandika kila mshono nilioushona na kwa nini niliushona pale. Hakuna mtu aliyewahi kunichunguza hivyo. Kanuni zinasema mfungaji na mfunguaji wasizungumzie kazi mpaka jaribio liishe, hivyo tunaonana kupitia kioo.

Jioni nikaenda kula nyama ya kuchoma. Mwenye mkahawa akaniambia tena, kwa upole unaouma, kwamba meza ya nyama wanaandaa kuanzia watu wawili, mmoja hawampokei. Nikala tambi dukani, nimesimama.

Jumanne, 5 Desemba

Nina mpango. Safari iliyopita, kwenye mashine ya kahawa, Bi Tak alisema amezikumbuka gotgam za kwao. Mama ameniletea za kwake, matunda aliyoyamenya na kuyaning'iniza barazani mpaka yakakauka yakawa laini kama ncha ya sikio. Leo asubuhi, kabla ya kukabidhi kasha, nimeficha moja nyuma ya kifuniko cha mwisho. Akifika pale atacheka, ataelewa, tutakuwa watu wawili. Mwenye mkahawa hatakuwa na la kusema.

Kasoro ndogo: lazima aweze kufika. Nilikusudia kulegeza mshono mmoja. Mikono ikakataa. Nikaongeza tabaka la waya.

Jumatano, 6 Desemba

Ameiona! Amelipiga kasha eksirei, akasogeza uso kwenye skrini mpaka pua ikaigusa. Nikatengeneza nywele. Hakucheka. Akawaita wenzake, nao wakatazama, wakarudi nyuma.

Mkuu wetu, Bwana Maeng, akanivuta pembeni. Akauliza kile kidude laini chenye punje ngumu tumboni ni kitu gani, maana kwenye michoro yake hakimo. Kuingiza chakula maabara ni kufukuzwa kazi. Nikasema ni kinga ya ziada. Akanipiga bega, akasema Bong bwana, kumbe akili unazo, ulizificha wapi siku zote hizi?

Alhamisi, 7 Desemba

Bi Tak hagusi kitu. Kikaoni amesema kile kidude kina unyevu, kimebadilika umbo tangu jana, na anahofia kinahisi pumzi ya mtu. Macho yake mekundu. Kosa langu. Ningeweza kuinua mkono nikasema. Mkono nikaukalia.

Mchana nikamkuta kantini anakula peke yake, ameukabili ukuta, kama mimi. Sikujua tuko wengi. Nikakaa meza ya jirani, nikakohoa. Akanigeukia, akasema Mhandisi Bong, wewe mtu mbaya sana, nidokeze basi hata neno moja, mwenzio silali. Nikajibu ni siri ya taifa. Akasema haya, kunywa supu yako basi kabla haijapoa. Wiki nzima hii hakuna aliyejali supu yangu.

Ijumaa, 8 Desemba

Amesalimu amri. Ametia saini kwamba kasha halifunguki. Watu wakapiga makofi. Nimeshinda.

Baadaye akaja mlangoni kwangu na mkoba wake, akainama. Akasema kwao aliyeshindwa ndiye anayenunua, ameshaweka meza ya watu wawili pale kwenye nyama ya kuchoma. Tena jaribio limeisha, Bong, huna pa kujificha, leo utanieleza kile kidude ni nini.

Meza ya watu wawili! Kasema mwenyewe. Lakini angeuliza. Ningejibu, naye angejua kwamba hakushindwa na mimi, alishindwa na mama yangu. Nikasema nina kazi nyingi. Akasema sawa, akaenda kuwahi treni.

Nikapita mkahawani. Kupitia dirishani niliiona meza, sahani mbili bado zimewekwa. Sikuingia. Nimerudi nyumbani na nimehuzunika kweli.

Jumatatu, 11 Desemba

Bwana Maeng ameagiza kidude kiwekwe kwenye makasha yote. Nimempigia mama simu alete katoni nzima. Akauliza, sauti imechangamka, mwanangu umepata wa kula naye? Nikasema bado kidogo tu.

Bi Tak atarudi Aprili kujaribu kasha jipya. Safari hii sikosei. Gotgam moja ilimchanganya, kwa hiyo nimeweka mbili, zimekaa bega kwa bega. Hata mtoto ataelewa. Kisha nimeongeza matabaka mengine ya waya, mazito kuliko yote niliyowahi kuweka, asije mtu mwingine akamtangulia.