Rozari ya Pacifique Iliyogoma Kuisha

Jumatatu hiyo, kahawa haijachemka vizuri kijiweni kwa Bibi Capitoline pale Kashaulili, Mabula Trekta akatokea anahema.

"Nyie! Jana kanisani Nsemulwa rozari imegoma kuisha!"

Trekta ni mfugaji, sauti yake imezoea kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mbuga. Mbwa aliyelala chini ya benchi akahama.

"Imegomaje?" akauliza Nashon, waliyemwita Wakili kwa kuwa hata salamu aliipinga.

"Katekista Polycarpe si anafundisha watoto kusali? Anagusa punje za rozari kwenye bango jipya, kila punje Salamu Maria. Kagusa, kagusa, kazunguka, karudi alikoanzia. Baba Yetu hakuna, msalaba hakuna! Mzunguko wa pili watoto wanasinzia. Wa tatu, ugali wangu nyumbani umekuwa tofali."

Bibi Capitoline hakucheka. Alimtupia jicho Pacifique Mausi, aliyejikunja mwisho wa benchi, kompyuta mapajani. Bango lile lilikuwa kazi ya mkono wake. Na Bibi alijua zaidi, maana hakuna posa mtaani isiyopita kwanza kwenye birika lake: kijana alilichora bure, ili Polycarpe amfikirie kwa binti yake, Emelyne.

"Mjukuu wangu," akasema kwa sauti ya asali, "hebu tueleze, rozari hiyo uliichoraje?"

"Ni teknolojia, Bibi. Nimechora punje moja tu, nikaigeuza burashi ya kompyuta, ile inayorudia mchoro kila unapovuta. Nikavuta duara, punje zikajipanga zenyewe."

"Moja tu!" Trekta akajipiga paja. "Mvivu wewe! Hata Nuhu alichukua wawili wawili!"

"Kisheria," Wakili akadakia, "duara halina kosa. Katekista angesimama popote."

"Popote? Kwani rozari ni bodaboda?" Bibi akamkata.

Pacifique akafungua kompyuta, jasho linamtoka. "Narekebisha sasa hivi. Baba mkwe mwenyewe ataona..."

"Baba nani?"

"Katekista, Bibi. Nimesema katekista."

Akachora msalaba ubavuni mwa ile punje, akahifadhi burashi upya. Vichwa vyote vikasogea kwenye skrini. Kila punje imepata msalaba wake, duara zima.

"Mamaa!" Trekta akaruka. "Makaburi haya!"

"Lakini yamepangwa," Bibi akasema, ameinama karibu zaidi. "Hapa kona naona na pangu."

Kicheko kilipasuka, kisha kikakatika ghafla. Polycarpe alikuwa ameegesha baiskeli kitambo, anachungulia juu ya bega la kijana.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu," Pacifique akasimama, kompyuta nusura ianguke.

"Milele amina. Kaa."

Katekista akapokea kikombe, akanywa taratibu kama mtu asiye na safari. Bibi akaacha kuchochea mkaa, asipitwe hata na neno.

"Emelyne ameniambia habari zako."

"Ndiyo, baba."

"Bango nimelisamehe. Wazee wako waje Jumamosi tuongee."

Uso wa Pacifique ukang'aa kama sufuria jipya.

"Ila ng'ombe wa mahari," Polycarpe akapanda baiskeli, "nitamsikiliza kila mmoja akilia. Usije ukachora mmoja halafu ukavuta."