Mashine ya Giga Kumi na Sita

Jumatatu, 8 Septemba

Nimepaka kibao upya. ARSÈNE: KUCHAPA, KOPI, MASHINE YA GIGA 16. Giga kumi na sita! Abedi, mwenye duka la simu ng'ambo ya barabara, ana nane tu, tena hana printa. Alisoma kibao akiwa na kikombe cha chai mkononi, akarudi ndani. Ameumia.

Giga nane za kuongeza nilizipata kwa mtu wa pikipiki kutoka Kakanda. Bareti moja ya memori, kijiti cha kijani kinachoshika maneno wakati mashine inafanya kazi. Haina jina wala karatasi. Nilimpa feni yangu. Nikaichomeka kando ya ile ya zamani. Mashine ikawaka. Biashara safi.

Mchana akaja Mama Hortense. Jumamosi wanatosha kilio, yaani wanamaliza matanga, ya mume wake, Tata Théodore, fundi wa kulehemu. Mwaka umetimia, mama atavua nguo nyeusi, na historia ya marehemu itasomwa mbele ya familia mbili. Msomaji ni shemeji yake, Joachim. Mama anataka karatasi ya mashine. Ya mkono Joachim atasema haisomeki, kisha ataongea ya kichwani.

Mama hakupandisha sauti. "Akisema ya kichwa, atasema masomo na kazi. Miaka makumi tatu na nane, na minye sitakuwa mule." Ni miaka ya ndoa yao; yeye hatatajwa.

Nikamwahidi karatasi kesho. Akasema, nikachapa. Nusu ukurasa: kuzaliwa, shule ya Mulungwishi, karakana, ndoa mstari mmoja. Skrini ikawa bluu. Mashine ikazima, ikajiwasha tena. Hakuna hata neno lililobaki.

Nikamwambia ni umeme.

Jumanne, 9 Septemba

Ni umeme kweli. Nimeazima regileta, kisanduku cha kutuliza umeme, ya saluni ya jirani, nimeahidi kuirudisha kabla ya saa sita. (Sijairudisha.)

Mama akaanza upya. Safari hii ndoa imechukua mistari sita. Théodore aliitwa nyumbani kwa wazazi wa mama kuziba sufuria iliyotoboka. Akaziba. Baada ya wiki inavuja. Akaja tena, akaziba, ikavuja. Mara ya tatu baba mkwe akasema kijana huyu hajui kazi. Kumbe kila mara alikuwa anabakisha katundu kadogo makusudi.

Nilihifadhi kila mstari. Mimi si mjinga. Bluu tena! Niliporudi kwenye faili, lipo, lakini limejaa visanduku na alama za kuuliza. Mashine inaharibu hata kilichohifadhiwa.

Nikamwambia mama ni virusi. Akauliza kama vinaambukiza watu.

Jumatano, 10 Septemba

Nimefuta kila kitu, naweka Windows upya. Ikafika asilimia 63, ikagoma. Nikaanza tena. 41. Mara ya tatu ikakubali, na dakika kumi baadaye, bluu. Basi si virusi. Ni joto. Septemba hii Likasi inachemka.

Joto linataka feni. Feni yangu inazunguka kwa Abedi! Mtu wa pikipiki alimuuzia siku ileile. Nilivuka barabara, nikamweleza kwa upole kwamba feni ile ina ugonjwa wa siri, bora irudi kwangu nikaitibu. Abedi akasema inapuliza vizuri. Kisha, bila kuulizwa, akasema mashine inayozima hovyo namna ile mara nyingi ni memori. Nichomoe bareti moja, nijaribu na iliyobaki.

Nikamshukuru kwa ubaridi. Nichomoe moja nibaki na nane kama yeye? Na kibao je?

Alhamisi, 11 Septemba

Nimefungua kifuniko cha mashine. Mkono wa kushoto unapepea kwa kipande cha katoni, wa kulia unachapa. Mama alinitazama kidogo, akaichukua katoni, akapepea yeye huku akisema.

Leo amesema jambo jipya. Alipozaa mtoto wa pili alilala kitandani miezi miwili. Théodore ndiye aliyefua nepi. Alizianika kwenye ua wa mbele, upande wa barabara, saa ambayo wanaume wa karakana wanatoka kazini. Walimcheka kila siku. Kila siku akaanika.

Nikauliza kama niandike. Katoni ikasimama. Akasema hajawahi kumwambia mtu. Niandike.

Nikaandika. Bluu.

Hakulia. Aliweka katoni chini polepole, akaniuliza kama Jumamosi bado iko mbali. Nikasema iko mbali.

Ni kesho kutwa.

Ijumaa, 12 Septemba

Mama Hortense hakuja moja kwa moja. Alipitia kwa Abedi, akamleta amemshika mkono kama mtoto aliyetoroka shule.

"Yaya Arsène," Abedi akasema, kama anayemwita kaka yake mkubwa, "leka nione kidogo."

Hakutaja kibao. Alizima mashine, akachomoa waya, akatoa bareti zote mbili. Akarudisha ya zamani peke yake, akaendesha jaribio la memori kutoka kwenye flash yake. Saa moja na nusu: makosa sifuri. Akaitoa, akaweka ile ya Kakanda. Dakika nne: mistari myekundu imejaa skrini. Akaihamishia tundu la pili, ajue kama kosa ni la tundu. Mistari myekundu.

Akaniwekea bareti kiganjani. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Tumechapa kuanzia saa tano hadi saa nane. Jumatatu ilikuwa nusu ukurasa. Leo ni kurasa tatu: sufuria ipo, nepi zipo. Mashine haikutikisika. Mama alipopokea karatasi alizishika zikiwa bado na joto la printa. Akakaa nazo hivyo muda mrefu.

Jumamosi, 13 Septemba

Joachim alisoma vizuri, kwa sauti ya mwalimu. Kwenye sufuria watu walicheka. Kwenye nepi alisita. Akamtazama shemeji yake, Hortense. Shemeji yake alikuwa anamtazama tayari. Akasoma.

Kisha mzee mmoja wa karakana akasema kutoka nyuma, "Ni kweli. Minye njo nilimucheka."

Bamama wakamchukua Hortense ndani. Akatoka amevaa kitenge cha kijani. Jina lake limesomwa mara tisa. Abedi, aliyekaa pembeni yangu, naye alihesabu tisa.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimerudisha regileta. Nimewaza pia juu ya kibao. Rangi ni ghali, na kibao kinachosema uongo ni aibu. Basi nimeisugua bareti ya Kakanda kwa kifutio, nimeipuliza mara tatu, nimeirudisha mahali pake. Giga kumi na sita! Ilikuwa vumbi tu. Abedi hana uzoefu. Mtu wa pikipiki amepita tena: anayo nyingine, anaitazama printa yangu.

Saa nne akaja Mama Hortense, na karanga kwenye kitambaa. Safari hii anataka kuandika maisha yake mwenyewe, kwa ajili ya wajukuu. Haraka hana. Tukaanza. Mstari wa pili, bluu.

Nikamwambia ni umeme.

Alitazama mashine, akanitazama mimi. Akavuta kiti karibu, akafungua kitambaa, akanigawia nusu ya karanga.

"Haina neno, mutoto wangu," akasema. "Sikukuwa nimesema yote."