Habari za Kutawazwa kwa Mzee Abdulhamidi Mbele ya Kompyuta

Tegeni masikio, enyi wana wa Singida, mliokwisha kuvuna alizeti na ambao bado. Waacheni kuku wadonoe watakacho, maana nina habari nzito kuliko gunia la chumvi. Nawe upepo wa mji huu, uliyezoea kuezua mabati ya watu bila hodi, niazime pumzi yako, nivisimulie vita alivyopigana Swaumu mke wa Mselemu, Mpiga-Chapa Asiyeruka Nukta, akavishinda pasipo kumwaga hata chai.

Zilikuwa zama za soko huria, mitumba ikishuka kwa marobota, na kompyuta nazo zikishuka kama mitumba. Mselemu, muuza mafuta ya alizeti, akamletea mkewe moja kutoka Arusha, nzito kama jiwe la kusagia, ikafunikwa kitambaa cha kudarizi. Kwa mtambo huo Swaumu alichapa mitihani ya shule za kata, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akawa na kazi inayoitwa kwa jina lake. Jamani, aliipenda kazi ile!

Ndipo akawasili baba yake Mselemu, Mzee Abdulhamidi, Simba wa Mgori, aliyefiwa na mkewe mwaka uliotangulia. Alikuja kusalimia, akakaa. Siku ya kumpa mgeni jembe ilifika, ikapita, na hakuna aliyethubutu kulileta. Kisha mzee akagundua kwamba ndani ya kompyuta mna karata. Lahaula! Akacheza asubuhi, akacheza adhuhuri, na siku moja, katika kuzisaka karata zake, akaufuta mtihani mzima wa hisabati, akajiona amefagia uwanja.

Mwalimu Antipasi, mkuu wa shule, akanena kwa huzuni: "Mama, mtihani ukipotea tena, kazi hii nitampa mwingine."

Sasa nani amwambie mzee asiguse? Mselemu? Huyo mbele ya baba yake alikuwa shujaa wa kukohoa tu. Swaumu? Mkamwana haruhusiwi hata kulitaja jina la baba mkwe wake, sembuse kumkataza jambo! Na kusema kweli, hakutaka kumkataza. Tangu afiwe, mzee hakucheka ila mbele ya karata zile, na Swaumu alimwonea huruma.

Basi akajifunga kibwebwe. Alikuwa amesikia kwamba kompyuta hugawanyika kama nyumba: chumba cha mwenyewe chenye kufuli, na sebule ya watu wengine, ambako mtu hucheza apendavyo asivifikie vya ndani. Akaishika mausi ya kompyuta kama mkuki. Chumba chake akakipa jina la Mwenye Amri, akakifunga kwa neno la siri. Kisha akajenga sebule. Mtambo ukauliza: sebule hii ni ya nani? Kidole kikamganda. Jina la baba mkwe haliandikiki! Akaandika: Mgeni. Akajipongeza, maskini.

Mzee akaketi, akavaa miwani, akasoma. Nyumba ikatetemeka.

"Mselemu! Njoo usome na wewe! Mimi niliyekubeba mgongoni ukiwa na homa, mimi niliyemwuza dume la mabaka ukasome, leo katika nyumba ya mwanangu naandikwa Mgeni? Mgeni ana siku zake! Leteni kofia yangu. Leteni bakora. Gari la Mgori halijaondoka."

Mselemu akakohoa.

Swaumu aliumia. Akapiga magoti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," akanguruma mzee, kwa kuwa hata simba mwenye hasira haikatai shikamoo.

"Baba, kosa ni langu. Mkono umetangulia adabu. Nipe nafasi nilisahihishe."

Swaumu akaketi tena mbele ya mtambo. Palipokuwa na Mgeni akaandika: Mkuu wa Nyumba. Mipaka ya sebule hakuigusa. Kisha akalitazama jina lake mwenyewe, Mwenye Amri, akaona madume mawili hayakai zizi moja. Akalifuta, akaandika: Mpishi. Kufuli likabaki palepale na amri zote zikabaki nyuma yake.

Mzee akasoma polepole, midomo ikitikisika. Bakora ikarudi ukutani.

"Na huyu Mpishi ni nani?"

"Ni mimi, baba."

"Mbona kwake kuna kufuli?"

"Jikoni kuna moto, baba."

Mzee akafikiri, akakunja uso, akatoa hukumu: "Vema. Hata ukilifungua, mimi siingii. Toka lini mkuu wa nyumba akaonekana jikoni? Ni aibu!"

Jumatatu mitihani ikamfikia Mwalimu Antipasi, haikupungua hata swali. Basi warithisheni wajukuu habari hii: kwamba Singida ilipata kumtawaza mkuu asiyeweza kufuta hata herufi moja, naye akatawala kwa furaha, mbali na jikoni. Na siku alipozimaliza karata zote kwa mara ya kwanza, aliita kwa sauti iliyofika barabarani: "Mpishi! Njoo uone!"

Swaumu akaacha kuchambua mchele, akaja mbio.