Dhoruba Iliyoahirishwa

Ofisi ya Kupokea Wanazuoni Wageni ilitangaza kwa kipaza sauti, kwa heshima na taadhima, kwamba dhoruba imeahirishwa. Wananchi waliombwa kukunja miavuli, maana mwavuli unaofunguliwa kabla ya wakati huvunja umma moyo. Kwa bahati mbaya, dhoruba yenyewe haikuwa imepata nakala ya tangazo.

Siku hiyohiyo mtafiti wa nyimbo za kubembelezea watoto aliingia nchini na mama yake mzazi, wote wawili wamelowa chapachapa. Chuo kilikuwa kimemwalika kwa mwaka mzima na kumwahidi nyumba. Alimleta mama kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia. Mama naye alikubali kwa kuwa hakumwamini yeyote amwangalizie bintiye ng'ambo.

Mkurugenzi wa Ukarimu, bwana mwenye kitambi na koti la vifungo vya dhahabu, aliwapokea dirishani.

"Karibuni sana! Nyumba yenu iko tayari." Alitoa shada la funguo, akalitikisa, akalirudisha mfukoni. "Tatizo dogo tu: hamjawasili."

"Tumesimama mbele yako, Mheshimiwa," alisema mtafiti.

"Kimwili, ndiyo. Kiutaratibu, bado. Mgeni huwasili pale ninapomshika mkono uwanjani, mbele ya Waziri, chini ya anga safi. Ndiyo maana tukaahirisha dhoruba."

Mama yake, Bi Mkubwa, alikamua mtandio wake sakafuni. "Na haya maji, baba, ni ya nini?"

"Unyevunyevu, mama. Idara yangu haina mamlaka ya kuuita jina jingine."

Wakaelekezwa ghorofani, kwenye chumba cha kusubiri. Humo walikuta kamba ya nguo imefungwa kutoka dirishani hadi kwenye picha ya Waziri, sufuria ikichemka juu ya jiko la umeme, na wanazuoni wa kila fani wamejikunyata kwenye mabenchi. Profesa mmoja wa hesabu, ambaye wenzake walimpa jina la Mwenyeji kwa sababu alikuwa hajawasili tangu muhula uliopita, aliwasogezea viti.

"Jisikieni nyumbani," alisema. "Ila msilale karibu na dirisha. Mtaamka samaki."

Mtafiti alikosa pa kuuweka uso. Alikuwa amemwahidi mama jiko lake mwenyewe. Mama hakulalamika. Kufikia kesho yake alikuwa ameshawagawia maprofesa zamu za kufagia, na mwanafalsafa alipewa vyombo, ili fikra zake ziguse kitu. Lakini kifua kilianza kumbana mama, na kila alipokohoa, mtafiti alihisi kama anapigwa msumari.

Akashuka kuomba funguo.

"Mama yangu anakohoa."

"Nani?" aliuliza Mkurugenzi kwa upole. "Mtu ambaye hajawasili anakohoaje? Tusiwe wepesi wa kutunga takwimu."

Siku ya sherehe ilifika, na maji nayo yakafika. Viti vya wageni wa heshima vilipangwa uwanjani kama kawaida. Vikaelea kwa utulivu, vile vya mbele vikifuatwa na vya nyuma, kwa kuzingatia vyeo. Mkurugenzi alipanda juu ya gari lake ili aonekane vizuri, kipaza sauti mkononi.

"Kama mnavyoona, anga..."

Upepo ukachukua hema. Maji yakapanda hadi vioo vya gari. Mkurugenzi akapiga simu kwa waokoaji, akasahau kuzima kipaza sauti, na mtaa mzima ukasikia.

"Leteni mashua! ... Ndiyo, ni mimi niliyetangaza ... Hapana, bwana, siogi! Nimezingirwa!"

Kule ghorofani, juu tu ya uwanja, maprofesa walikuwa wameshafunga mashuka fundo kwa fundo. Mtafiti alichungulia dirishani. Barabara ya chini, watu walikuwa juu ya paa za vibanda, wakipunga mikono, na hakuna mashua iliyokuja kwa sababu hakuna dhoruba iliyokuwepo. Hasira ilimpanda hadi masikioni.

"Mheshimiwa!" alipaza sauti. "Shuka hili hapa, lishike! Lakini itangaze dhoruba, watu wanakufa maji! Na funguo, zirushe!"

"Utaratibu hauruhusu..."

Gari likayumba kidogo. Shada la funguo likaruka hewani, Mwenyeji akalidaka.

"Natangaza rasmi," alilia Mkurugenzi, "dhoruba imeanza! Leteni mashua zote!"

Mashua zikaja mbio, zikawashusha watu wa paa mmoja mmoja. Alipoteremshwa wa mwisho, mvua ikakatika. Upepo ukatulia. Jua likatoka, kali, kana kwamba limetumwa.

Hapo ndipo Waziri alipowasili kwa barabara ya mlimani, viatu vyake vikavu. Alitazama anga safi. Akamtazama Mkurugenzi, ambaye sasa alikuwa ananing'inia kwenye shuka kama kuku aliyenyeshewa.

"Dhoruba gani hiyo uliyowatangazia wananchi?"

Ikaundwa tume kuchunguza uenezaji wa taharuki. Mkurugenzi alivuliwa koti la vifungo na kuamriwa asubiri matokeo.

Wanazuoni walikuwa wakigawana funguo na kubeba mizigo Mkurugenzi alipoingizwa kwenye chumba cha kusubiri. Alitafuta pa kuketi. Bi Mkubwa aliahirisha safari yake ya kwenda jikoni kwake, akammiminia chai ya moto, akamkalisha.

"Kunywa, baba," alisema. "Utazoea."