Bi Mkubwa Hajapata Joto

Jumatatu, 3 Juni

Vita vimetangazwa. Mke wangu kasema makochi mapya yanafika Jumapili ya wiki ijayo, na mahali pa kuyaweka ni pale aliposimama Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa ni redio. Kwa faida ya atakayesoma kurasa hizi nikishakufa, nieleze: ni redio ya mbao, kubwa kama kabati la nguo za mtoto. Ndani yake hamna vidude vya siku hizi. Mna valvu, yaani vichupa vya kioo vyenye nyuzi zinazowaka kama taa. Niliinunua kwa mshahara wangu wa kwanza wa ualimu. Mke nilimpata baadaye. Nilikosea kumkumbusha hilo leo asubuhi.

Amejibu kwamba nyumba hii ina Bi Mkubwa mmoja tu, naye ndiye anayepika. Redio ikiwa bado ipo makochi yakifika, atamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikamweleza kwa upole kwamba ni ya mbao. Akasema basi atamwita muuza kuni.

Lakini sifi moyo. Mkutubi wa maktaba amekiahidi chama chetu cha wapenda redio kuukuu kabati la kioo pale mlangoni. Redio itakayopendeza kuliko zote kwenye maonyesho ya Jumamosi ya wiki ijayo itakaa humo mwaka mzima. Kioo! Taa! Kufuli! Kibao chenye jina langu! Bi Mkubwa atahama nyumba hii kama malkia, si kama kuni.

Jumatano, 5 Juni

Mkutano wa chama, chumba cha nyuma kwa fundi cherehani. Wazee tulikaa vitini. Vijana walikaa juu ya marobota ya vitambaa, miguu ikining'inia, kila mmoja na simu yake mkononi kama mgonjwa na dripu.

Kiongozi wao ni Fundi Simu, binti mwenye kibanda cha kutengeneza simu karibu na kituo cha mafuta. Ameniamkia, shikamoo babu. Nimeitikia, lakini nimemweleza kwamba hapa chamani naitwa Mwalimu. Akasema haya, babu Mwalimu.

Kaleta redio aliyoiokota kwenye banda la kuku. Kuku alikuwa akitagia ndani yake. Binti kaipaka rangi ya njano! Njano ya kiini cha yai! Valvu kazing'oa zote, kaweka kidude kinachopokea muziki kutoka kwenye simu bila waya. Kabonyeza simu, ngoma zikalia. Vijana wakacheza. Mzee Antena, mwenzangu tangu ujana na mpinzani wangu tangu ujana huohuo, aliamka usingizini akauliza nani anaolewa.

Nikaona huu ni wakati wa kufundisha. Nikasimama. Nikaeleza kwamba redio ya kweli haikurupuki. Ukiiwasha, inanyamaza kwanza. Valvu zinapata joto. Nusu dakika hivi, wakati mwingine zaidi. Ndiyo maana sisi wazee redio ikiwashwa tunavua kofia na kukaa kimya mpaka iseme. Kimya hicho, nikasema, ndicho tofauti ya mstaarabu na mlevi. Nikaeleza na elektroni. Nikachora ubaoni. Maelezo mafupi tu, ila fundi cherehani alizima taa mara mbili.

Fundi Simu alisikiliza hadi mwisho. Akauliza: na hiyo redio ya kweli ikishapata joto, huwa mnasikiliza nini, maana stesheni za masafa mafupi nyingi zimeshazimwa? Nikamjibu ukweli. Tunasikiliza ule mvumo. Shhhh. Akauliza kwa hiyo tunakaa kimya ili tusikilize kelele. Marobota yalitikisika kwa kicheko.

Kijana hafundishwi kwa maneno tu, hufundishwa na kwa katiba. Nikapendekeza kanuni mpya: redio yoyote isiyo na viungo vyake vya asili ndani isishindanie kabati. Kura zikapigwa. Wazee tumeshinda kwa mkono mmoja, ule wa Mzee Antena. Baadaye alidai alinyoosha mkono kuomba dirisha lifungwe. Mkono ni mkono.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemjaribu Bi Mkubwa. Sikuwa nimemwasha tangu bomba la jikoni lilipopasuka na yeye akalowa kidogo miguuni. Nilivua kofia. Nikasubiri. Alinguruma. Akanuka kama ugali ulioungua. Kisha moshi ukatoka kwenye spika, taratibu, kwa heshima, kama mzee anayeaga kikao.

Mke wangu aliingia na ndoo ya maji. Nikamweleza kwamba maji hayamwagwi kwenye umeme, na sababu zake. Aliniacha nimalize, kisha akauliza kama yanamwagwa kwenye kuni.

Transfoma imekufa. Yaani lile bonge la chuma na nyaya linalobadili nguvu ya umeme. Bila hilo, Bi Mkubwa ni sanduku.

Jumamosi, 8 Juni

Mzee Antena anayo transfoma kama hiyo, chini ya kitanda, tangu zamani. Nimekwenda kwake. Hatukutaja transfoma kwa muda mrefu sana. Tulitaja mvua, magoti, na ujinga wa vijana. Hatimaye nikaigusia, kwa mbali. Akasema hata yeye ana redio ya kushindania kabati, na hajasikia jemadari anayempelekea adui risasi. Nikamwambia redio yake ni ndogo kama kibuyu. Akasema kibuyu kinachosema ni bora kuliko pipa lililonyamaza.

Nimeondoka bila kumaliza chai. Ilikuwa haina sukari hata hivyo.

Jumanne, 11 Juni

Nimepata njia. Si njia nzuri, lakini mwanafunzi mwenye akili haulizi kama njia ni nzuri, anauliza kama jibu ni sahihi. (Nilikuwa nikiwachapa wanafunzi kwa fikra kama hizo.)

Nimekwenda kibandani kwa Fundi Simu. Nikamwambia nina rafiki. Rafiki huyu, mzee, mstaarabu, ana redio kubwa ya mbao, naye anataka kujua vile vidude vya kupokea sauti kutoka kwenye simu vinafungwaje. Kwa udadisi tu. Binti akauliza redio ya huyo rafiki ina vifundo vinne vya kuzungusha, vya pembe? Nikasema sijamchunguza kiasi hicho. Akasema rafiki yako ana jicho zuri, babu Mwalimu.

Alinielekeza taratibu, waya huu hapa, waya ule pale, akirudia kila hatua na kuniuliza kama nimeelewa. Hakuna kitu kinachoudhi kama kuulizwa umeelewa. Mwishoni alisema lipo jambo moja la kumwonya rafiki yangu kuhusu kuiwasha. Nikamkatiza. Nikamwambia binti yangu, mimi nimefundisha umeme mama yako akiwa anatambaa. Nikamweleza sheria ya mkondo kwa ufupi. Wateja wawili waliondoka.

Kidude ninacho mfukoni. Ni kidogo kama kiberiti. Hakina aibu yoyote.

Alhamisi, 13 Juni

Kidude kiko ndani ya Bi Mkubwa, nyuma ya valvu zilizokufa. Nimeweka na kibalbu chekundu ili zionekane zinawaka. Nani atajua?

Sasa atasema nini? Muziki wa siku hizi utanifichua. Nimeamua asome habari, kwa sauti ya kale, yenye mvumo. Nimejirekodi kwenye simu. Nilijifungia bafuni kwa sababu ndimo mna mwangwi. Nikafungua bomba kidogo ili lifanye shhhh. Nikabana pua kwa vidole viwili na kutangaza mafuriko, ziara ya waziri na bei ya pamba. Nilijisikia vizuri mno. Nilizaliwa mtangazaji, ualimu ulinikamata tu njiani.

Katikati ya bei ya pamba mke wangu aligonga mlango akipiga kelele. Nilimngoja anyamaze, nikaendelea pale nilipoishia. Sikurudia kusikiliza. Ndani ya ule mvumo hakisikiki kitu.

Mpango: simu mfukoni mwa koti. Naibonyeza nikiwa bado nimekaa, watu wasinione nikipapasa mifuko mbele yao. Kisha nasimama, namwasha Bi Mkubwa, habari zinatoka. Rahisi kama kunywa maji.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika haya nikiwa nimekaa sakafuni, kwa sababu mke wangu amekwisha toa viti kupisha makochi.

Ukumbi wa maktaba ulijaa. Bi Mkubwa alimeremeta, nilimpaka mafuta ya nywele. Mke wangu alikuja, akakaa safu ya nyuma. Alisema amekuja kuhakikisha redio hairudi.

Mzee Antena alitangulia. Akawasha kibuyu chake. Wazee tukavua kofia. Kimya. Vijana walitazama simu zao, mtoto mmoja akauliza kama imeharibika, akaambiwa nyamaza, inapata joto. Hatimaye: shhhh. Ndani ya mvumo, mbali sana, mtu akazungumza lugha asiyoijua yeyote kati yetu. Mzee Antena alifuta macho. Mimi nilikuwa na vumbi katika yangu.

Zamu yangu. Nikabonyeza simu mfukoni. Nikasimama, nikatoa hotuba fupi juu ya uvumilivu, nikawataka vijana waone wenyewe jinsi redio yenye viungo vya asili inavyojiandaa kabla ya kusema. Nikazungusha kifundo.

Mzee Antena hajafikisha mkono kwenye kofia, Bi Mkubwa kashasema! “NA SASA BEI YA PAMBA!”

Wageni walipiga makofi. Wazee hawakupiga. Ukumbi ule ulikuwa na vichwa kumi na kitu vyenye mvi, na kila kichwa kilikuwa kikihesabu moyoni zile sekunde zilizokosekana. Mimi, niliyeimba wimbo wa joto nusu ya maisha yangu! Mimi!

Fundi Simu akanyoosha mkono, kwa adabu zote. Akasema samahani Mwalimu, mbona hajapata joto? Siku ya kwanza kuniita Mwalimu bila babu, na ndiyo hiyo.

Nikaanza kueleza. Nikasema zipo redio za ukoo bora ambazo joto lake haliishi. Nikasema hali ya hewa ya leo. Nilikuwa nakaribia kuwaridhisha, naamini hivyo, pale Bi Mkubwa alipopigwa ngumi kutoka ndani, gu gu gu, na sauti ya mwanamke ikatoka: “Wewe mzee! Unaongea na nani humo bafuni? Fungua, nataka kufua! Na hilo bomba unalipia wewe?”

Kisha, kwa utulivu, pamba iliendelea.

Mke wangu alisimama nyuma kule na kuwaambia watu wote kwamba sauti hiyo ni yake na nguo bado hazijafuliwa.

Mzee Antena alicheka mpaka akaomba maji. Katibu wa chama alisoma kanuni mpya na kuniondoa kwenye mashindano. Nikamkumbusha nani aliyeitunga. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamweleza kwamba methali hiyo huwa inatumika vibaya. Hakutaka kusikia.

Halafu mkutubi akasema kanuni ya chama si kanuni ya maktaba, na kabati ni lake. Watoto walikuwa wamekwisha izunguka redio ya njano, wakigombea kubonyeza. Imeshinda! Redio ya kuku! Fundi Simu kaomba iwekwe na yai bandia ndani.

Nje, mke wangu alikuwa akimwita kijana wa mkokoteni. Nilimshika Bi Mkubwa kwa mikono miwili. Sikuwa na maelezo yoyote, na hiyo hainitokei. Fundi Simu akaja. Akamwomba mke wangu, mama, usimpeleke kwenye kuni, nipe mimi nikamweke kibandani. Mke wangu alisema mchukue, mwanangu, na mwenyewe ukimtaka mchukue.

Nimewasaidia kuusukuma mkokoteni hadi kituo cha mafuta.

Alhamisi, 20 Juni

Makochi yamefika. Ni ya buluu. Hayasemi kitu.

Nimepita kibandani kwa bahati mbaya, njia ambayo si yangu. Bi Mkubwa yuko juu ya kaunta, ananguruma vizuri. Ana transfoma! Ya Mzee Antena! Nikauliza ameipataje. Binti akasema alikwenda kwake akamwomba. Tu? Ndiyo, alisema shikamoo babu, naomba transfoma, naye akainama chini ya kitanda. Amekunywa na chai yake akaisifu.

Anamwasha kila asubuhi. Wateja wenye simu zilizopasuka wanasubiri pamoja naye. Jamaa mmoja alivua kofia, nadhani kwa joto. Binti akanipa kigoda, akaniambia niwaeleze ni nini kinatokea ndani. Nikaeleza. Hakuna aliyeondoka, kwani simu zao zilikuwa zimefunguliwa mezani.

Nikiri kwamba nilipata amani. Nimejifunza, kabisa, kwamba hila haifai, na kwamba kuomba ni rahisi kuliko kudanganya. Nimeyaandika hapa ili nisisahau.

Ijumaa, 21 Juni

Makochi mapya yana uwazi mkubwa nyuma yake. Mke wangu hajauona. Toka leo mchana mna redio humo, nimeinunua kwa yule yule mnunuzi wa vyuma chakavu. Imekufa kabisa, lakini uso wake mzuri ajabu. Nimemwita Bi Mdogo.

Kabati la maktaba litakuwa wazi tena mwakani.

Nimerudi kibandani kuuliza kama kuna kidude cha kuchelewesha sauti. Nusu dakika hivi. Nimemwambia ni cha rafiki.